Nani Alizika Moto?

Mchanga wa ufukweni ni kama mgeni asiyejua kuaga. Ukienda kuogelea mara moja tu, utaukuta kwenye viatu, kwenye mashuka, hata kwenye kopo la chumvi ambalo hukulipeleka popote. Kwa hiyo msusi hakushangaa alipoinua kikapu cha safari jikoni na kukuta mchanga umetuama ndani yake. Kilichomshangaza ni kwamba ulikuwa na joto. Walikuwa wamerudi tangu juzi, na kikapu kilikaa muda wote kwenye kona yenye sakafu baridi, mahali pasipofika jua wala moto. Aliingiza vidole, akavitoa upesi, akavipuliza.

"Mume wangu, hebu njoo ushike kitu hapa."

Mumewe alikuwa fundi wa friji na viyoyozi. Alikuja na bisibisi nyuma ya sikio, akainama, akashika. Uso wake ukabadilika. Alikibeba kikapu hadi nje, akakitupa pipani chenyewe na mchanga wake.

"Sasa kikapu nacho kimekosa nini?" msusi akauliza.

"Kimechakaa."

"Kimechakaa leo?"

 Fundi alikwenda kunawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu.

Mimi sipendi kumzungusha msomaji, kwa hiyo nitasema mapema kile ambacho msusi hakukijua siku ile.

Kila mwaka shule zikifungwa na joto likishika, wanandoa hawa walikwenda ufukweni na rafiki zao wawili. Mmoja alikuwa dereva wa lori, ambaye mtaa mzima ulimwita Honi kwa sababu ya kicheko chake. Wa pili alikuwa mkewe Honi, mwalimu wa watoto wadogo. Kazi zao ziligawanywa zamani na hazikuwahi kubadilika. Honi alileta gari, mwalimu alileta mikeka na turubai, msusi aliikoleza nyama viungo, na fundi alishika moto. Sheria yao juu ya moto ilikuwa moja: aliyeuwasha ndiye atakayeuzima. Walimtania sana kwa hilo, kwamba mtu anayewauzia watu baridi mwaka mzima, ukimpa moto siku moja, anafurahi kama mtoto aliyepewa filimbi.

Mwaka huu walipata mahali pazuri kuliko miaka yote, chini ya mwamba uliotupa kivuli, penye shimo dogo la mchanga laini, safi, kama limefagiliwa asubuhi hiyo hiyo.

"Hapa kuna mtu kajitandikia," mwalimu alisema.

"Akija tutampa mnofu," Honi akajibu, akapiga ile honi yake, na wote wakacheka.

Walikula, wakaogelea, wakalala kivulini. Msusi alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu ndiyo iliyovuka. Alilala chali tumbo limeelekea mbinguni, na mwalimu akaweka sikio juu yake akaripoti kwamba huyu mtoto anacheza mpira. Ilikuwa siku njema kweli.

Wakati wa kuondoka maji yalikuwa yamekupwa na kwenda mbali kabisa. Kuyafuata kulitaka mtu avuke uwanja mrefu wa tope.

"Usisahau kuyamwagia maji hayo makaa," msusi alimwambia mumewe. "Watoto hupita hapa miguu mitupu."

"Nimesikia."

Fundi alichukua ndoo. Aliitazama bahari ilivyokimbia, akaitazama miguu yake ambayo alikwisha kuisafisha. Kisha akachukua kibao, akachimba pale pale kwenye lile shimo laini, akayamwaga makaa yakiwa bado mekundu, akayafukia na kupigapiga mchanga juu. Alipokuwa akipigapiga alisikia sauti chini ya mchanga, nyembamba, kama ya kitoto cha paka. Alisimama akasikiliza. Ikanyamaza. Akajiambia kwamba ni makaa yanalia kwa unyevu, akaenda garini.

"Umemwagia?"

"Nimemwagia."

Uongo mdogo wa mtu aliyechoka. Wengi wetu tumesema mkubwa kuliko huo kabla hata ya chai ya asubuhi, na hakuna aliyekuja kutuuliza.

Basi baada ya ule mchanga wa kikapuni, ikaanza sakafu. Msusi alikuwa akitembea peku sebuleni akakanyaga mahali penye joto. Aliita tena, na fundi akaja na kipimajoto chake cha kazini.

"Labda kuna bomba la maji ya moto chini."

"Nyumba yetu ina bomba la maji ya moto?"

"Haina."

"Basi kapime tena."

Alipima tena. Kila upande sakafu ilikuwa baridi, isipokuwa pale. Msusi akapapasa kwa kiganja kutafuta mipaka ya lile joto, na kadiri alivyopapasa ndivyo moyo wake ulivyozidi kwenda mbio. Lilikuwa fupi, pana juu, jembamba chini, limejikunja katikati. Lilikuwa na ukubwa wa mtoto aliyelala usingizi.

Kesho yake halikuwa sebuleni. Lilikuwa kwenye ujia. Kesho kutwa lilikuwa mlangoni pa chumba cha kulala, halafu chini ya kitanda, halafu kando ya kitanda, upande anaolala msusi. Kiyoyozi cha chumbani, ambacho fundi alikifunga kwa mikono yake mwenyewe na kujisifia kwa kila mgeni, kilianza kutema hewa ya moto yenye harufu ya nywele zilizoungua. Alikishusha, akakifungua chote. Gesi ilikuwa sawa, feni sawa, kila waya ulikuwa mahali pake. Alipokirudisha kikatema joto vile vile. Na asubuhi moja, akiwa na haraka ya kwenda kazini, fundi alisahau akapakanyaga pale kando ya kitanda, na chini ya unyayo wake kitu kikalia, kwa sauti nyembamba kama ya kitoto cha paka. Akaijua. Alikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, akaogopa kama hajawahi kuogopa maishani.

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, mkewe alikuwa jikoni akiimba, maneno yenyewe hayazidi matano. Lakini aliona haya, na haya ya mwanamume ni kitu cha kijinga sana. Akavaa kiatu cha pili, akaenda kazini.

Sasa nimsimulie msusi. Alikuwa na sifa mbili mtaani: mkono mwepesi na mdomo wa viapo. Kwake kiapo kilikuwa kama salamu. Mteja akiuliza kama rangi itadumu, aliapa kwa macho yake mawili. Akibishiwa umbea, aliapa kwa kaburi la bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Tangu mimba hii ishike alikuwa amepata kiapo kipya ambacho alikionea fahari: "Naapa kwa tumbo hili." Mwalimu alimkemea mara nyingi. "Shoga, mzaha mzaha hutumbuka usaha," alimwambia. Msusi alicheka tu.

Adhuhuri ya siku ile ile wasaidizi wake walikuwa wamekwenda kula. Umeme ulikuwa umekatika, draya zote kimya, na mtaa nje umelala kwa jua. Mwanamke akaingia. Alikuwa mrefu, amejitanda nguo ya rangi ya majivu, na mikononi amebeba kitu kilichofunikwa, kama mtu abebavyo mtoto aliyesinzia. Pamoja naye iliingia harufu ya nywele zilizoungua. Harufu hiyo si ngeni saluni, lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya nyama, na msusi akajikuta ameziba pua.

"Karibu, mpenzi. Kuosha au kusuka?"

"Kuuliza."

Akakaa kwenye kiti mbele ya kioo. Msusi, kwa mazoea ya kazi, akamgusa nywele zilizochomoza chini ya ushungi, na mchanga ukamiminika kutoka humo, ukashuka begani, ukashuka kitini, ukatua sakafuni, na ulikuwa wa moto. Pembe ya nguo iliyofunika mzigo ikafunuka. Kwenye kioo msusi aliona nyayo mbili, ndogo kuliko kidole gumba chake, zimebabuka zikawa nyeusi, zimepasuka, na katika mipasuko bado kulikuwa na wekundu unaopumua.

"Jamani, mtoto!" Sauti yake ilitoka kama mnong'ono. "Mpeleke hospitali, dada yangu."

"Hospitali zenu hazimfai." Mwanamke hakuitazama miguu ile. Alimtazama msusi kupitia kioo. "Nilimtandikia kivulini chini ya mwamba nikaenda kumtafutia chakula. Niliporudi nilikuta kafukiwa na moto. Nani alizika moto?"

 Msusi alielewa kila kitu kwa mara moja, mchanga na sakafu na kiyoyozi na ile alama ya mtoto aliyejikunja iliyokuwa ikisogea kila siku kukifuata kitanda chake, na alielewa kwamba anayezungumza naye si mtu, na kwamba mlango uko nyuma ya yule mwanamke na yeye yuko mbele, na kwamba jibu lolote atakalotoa litakuwa na uzito kuliko neno lolote alilowahi kulitamka kwenye saluni ile. Na pamoja na hayo yote alikuwa na uhakika, uhakika wa mke anayempenda mumewe.

"Si sisi," alisema. "Mume wangu aliyamwagia maji."

"Ulimwona?"

"Alinambia. Mume wangu hanidanganyi."

"Utaapa?"

Ulimi ukaenda njia uliyoizoea.

"Naapa kwa tumbo hili."

Mwanamke akaifunika ile miguu taratibu, kwa upole mkubwa. "Kiapo chako nimekisikia," alisema, akaondoka. Pale alipopita, zulia la plastiki lilikuwa limeyeyuka kwa umbo la nyayo hadi mlangoni.

Msusi alifunga saluni akakimbilia nyumbani. Alimkuta fundi ametangulia, anapapasa sakafu kwa mikono miwili, anacheka kama mtu aliyefutiwa kesi.

"Limeondoka, mama! Chumba kizima ni baridi!"

 Msusi aliushika mkono wake akauweka tumboni. Fundi akauondoa kwa kasi. Tumbo lilikuwa linaunguza.

Daktari alipima asione homa. Moyo wa mtoto unapiga, alisema, ingawa unakwenda mbio. Anywe maji mengi, apumzike, arudi. Lakini msusi alijua anachokisikia ndani yake. Mtoto hakuwa anacheza mpira tena. Alikuwa akivuta miguu juu, mmoja, halafu mwingine, upesi upesi, bila kupumzika, kama mtu aliyesimamishwa juu ya kitu cha moto asiyepata pa kukanyaga. Kila siku nguvu za kuvuta zilipungua.

Alimweleza mumewe habari ya yule mwanamke, kila neno. Kisha akamuuliza, "Ulimwagia?"

"Nilimwagia." Halafu, akiwa hatazami, "Labda Honi alirudi kule nyuma. Alikuwa na sigara."

Msusi aliwaita Honi na mkewe. Wakaja, wakakaa sebuleni bila kugusa chai. Honi alisikiliza hadithi yote, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuwa na mzaha.

"Ndoo niliipakia mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa kavu. Nikanyamaza, kwa sababu wewe ni ndugu yangu."

"Ilikaushwa na jua," fundi alisema.

"Jua gani, bwana? Tuliondoka linazama."

"Unataka kuvunja nyumba yangu?"

"Sema ukweli, Fundi," mwalimu alinong'ona. "Mtazame mkeo."

Fundi hakumtazama. Alijua kwamba akikiri, amekiri kuwa kiapo cha mkewe ni cha uongo na kwamba uongo huo yeye ndiye aliyemtilia mdomoni. Alisimama akatoka uani, na walimsikia akifungua na kufunga mlango wa friji bovu aliloliacha pale, mara nyingi, bila sababu.

Mwalimu ndiye aliyemjua mganga mmoja. Mganga huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, amepanga chumba nyuma ya duka la matairi, na simu yake haikuacha kulia. Aliweka kiganja juu ya tumbo la msusi, akakiondoa, akaizima simu.

"Sina ubani wa hili," alisema. "Mimi hufukuza majini wakorofi. Huyu ana haki. Mwenye haki hafukuzwi."

"Tumpe nini?" fundi aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Hataki kupewa kitu, anataka kutajiwa mtu."

"Basi mume wangu akaseme," msusi alisema.

"Hapana, mwanangu. Kiapo hakirudishwi na mdomo wa mwingine. Aliyeapa ni wewe. Utakwenda pale moto ulipozikwa, aliyeuzika aufukue kwa mikono yake mwenyewe, halafu wewe umtaje mbele ya mama wa mtoto. Huyo utakayemtaja atalipizwa. Sitakudanganya, sijui atalipizwa nini. Ila usichelewe. Huyo wa tumboni hana siku nyingi."

Njiani kurudi mume na mke walikaa kiti cha nyuma cha gari la Honi, Honi na mwalimu wakakaa mbele. Fundi alishika mkono wa mkewe, akakaribia sikio lake.

"Usinitaje," alisema. "Nakuomba. Nilichoka tu siku ile. Usinitaje, mke wangu. Tutapata mtoto mwingine."

Ndivyo msusi alivyoupata ukweli. Akauvuta mkono wake taratibu. Alikuwa amesubiri miaka kusikia miguu ya mtu mdogo tumboni mwake, amezika mimba mbili na huyu mwanamume akilia pembeni yake, na sasa anaambiwa mwingine, kama mtu aambiwavyo sahani imevunjika. Alipomgeukia, macho yake yalikuwa makavu kabisa, na fundi akaona afadhali angelia.

"Honi," msusi alisema. "Usitupeleke nyumbani. Geuza gari."

Walifika ufukweni jua likiwa la utosi. Likizo ilikuwa haijaisha. Mbali, ndani ya maji, watu walikuwa wakirushiana mpira na kupiga kelele za furaha. Chini ya mwamba hapakuwa na mtu. Mchanga wa lile shimo ulikuwa umelainishwa tena, safi, umefagiliwa.

"Fukua," msusi alisema.

Fundi alipiga magoti, akafukua kwa vidole. Hakwenda mbali kabla ya kupiga yowe. Makaa yalikuwa yanawaka. Baada ya siku zote zile, chini ya mchanga, yalikuwa mekundu kama yalivyomwagwa, na yalikuwa yamejipanga kuzunguka nafasi tupu iliyojikunja, yenye ukubwa wa mtoto aliyelala. Mwalimu akageuza uso. Honi akasema jina la Mungu.

Kisha wakamwona. Alikuwa anakuja kutoka upande wa bahari, juu ya mchanga mbichi, na kila alipokanyaga mvuke uliinuka, akapita katikati ya wale waogeleaji wakacheka na kurusha mpira wao bila kugeuka, akapita bila haraka, nguo yake ya majivu haipeperuki ingawa upepo ulikuwa unavuma, na kadiri alivyokaribia ndivyo sauti za watu zilivyofifia, kisha sauti ya mawimbi nayo ikafifia, mpaka kilichobaki ni kile kilio chembamba mikononi mwake, na msusi akahisi mtoto wake tumboni anajibu kilio kile kwa kuvuta miguu yake, dhaifu, dhaifu zaidi, kama anaaga.

"Nani alizika moto?"

Fundi aliinua mkono wake uliobabuka. Akamnyooshea kidole rafiki yake.

"Dereva," alisema. "Dereva ndiye aliyeuzika."

Honi hakujitetea. Alimtazama tu, mdomo wazi, kama mtu aliyegongwa na gari lake mwenyewe. Yule mwanamke hakugeuka kumtazama. Alikuwa anamtazama msusi, na alikuwa anasubiri.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na pale walikuwa wazazi wawili wa kike, mmoja na mtoto aliyeungua na mwingine na mtoto anayeungua. Msusi akasogea mbele. Alimtaja mumewe kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, majina ambayo sitayaandika hapa, kwa sauti kubwa, bila kutetemeka.

"Huyu ndiye aliyezika moto. Nilikuapia uongo kwa kumwamini. Narudisha kiapo changu."

"Mke wangu!" fundi alilia.

"Nyamaza," msusi alimwambia. Hakusema naye tena siku ile.

Joto likamtoka. Lilishuka kutoka tumboni kwenda mapajani, kwenda miguuni, likaingia mchangani, na ndani yake mtoto akajinyoosha na kupiga teke moja kubwa, la afya, mpaka msusi akainama akicheka na kulia pamoja. Makaa yalizimika yote kwa mara moja. Mwanamke akapiga magoti mbele ya fundi. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na kitu kinachofanana na tabasamu.

"Nilikuwa nimekuja kumchukua wako," alimwambia. "Sasa simchukui. Atazaliwa, atakua, atakuwa na afya njema. Mimi wangu siwezi kumgusa bila kumwumiza. Na wewe wako hivyo hivyo."

Akamgusa kifuani kwa kidole kimoja, akainuka, akaenda zake. Sauti ya mawimbi ikarudi. Mpira wa waogeleaji ukaja ukibingirika hadi miguuni pao, na hakuna aliyeuokota.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzito, mwenye sauti. Muuguzi alimkabidhi fundi mlangoni pa wodi kabla msusi hajawahi kusema neno. Kitoto kilipiga ukelele ambao ulisimamisha wodi nzima, na kilipofunuliwa, mgongoni palikuwa na alama nyekundu za vidole vitano vya baba yake. Fundi alitoka hospitali kinyumenyume. Hajawahi kumshika tena. Walijaribu glavu, walijaribu blanketi, walijaribu kumkalisha upande wa pili wa chumba. Akikaribia hatua chache tu, mtoto alianza kuwiva usoni na kuvuta miguu juu.

Msusi hakumfukuza. Hakuhitaji. Fundi alijihamisha mwenyewe akapanga chumba ng'ambo ya barabara, chenye dirisha linalotazama saluni. Honi huwaletea mboga mama na mtoto, humrusha mtoto juu, humpigia honi, na mtoto hucheka. Kwa fundi Honi hapiti. Wasusi wadogo waliwahi kumuuliza bosi wao kama hamhurumii. Alimaliza kusuka msuko aliokuwa nao mkononi, akaufunga, ndipo akajibu kwamba hapana.

Alasiri moja mtoto, ambaye alikuwa ameanza kutembea siku chache tu, alitoka saluni peke yake. Mama alikuwa ameinama kwenye beseni la kuoshea, draya zinanguruma. Barabara ilikuwa tupu. Fundi alikuwa amekaa kizingitini kwake akisafisha feni. Aliinua macho akamwona anakuja, mikono mbele, anapepesuka, anacheka, na mwili wake wote ukataka kunyoosha mikono. Badala yake akasimama.

"Usije!" alisema.

Mtoto akazidi kucheka, akazidi kuja. Mashavu yalikwisha kuanza kuwiva.

"Usije! Usije, mama yangu! Usije!"

Alirudi kinyumenyume hadi ndani ya chumba chake, mgongo ukagonga ukuta. Akaruka dirisha la nyuma, akaanguka kwenye takataka za watu, akakimbia hadi mwisho wa mtaa akilia kwa sauti mpaka watu wakatoka nje kumtazama. Aliporudi, msusi alikuwa amekwisha kumwokota binti yake na kumtia maji ya baridi usoni.

Ndilo neno pekee ambalo mtoto yule amewahi kuambiwa na baba yake, na alilishika. Kila asubuhi mama akifungua saluni, hupandishwa juu ya kiti cha wateja ili aone barabara. Humtafuta yule mwanamume wa dirishani, na akimpata hupunga mkono wote, hadi bega, na kumwita kwa jina alilomjua nalo.

"Usije!" huita kwa furaha. "Usije!"

Na fundi, ng'ambo ya barabara, humpungia.